Suruali ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe uani kwa dobi, na suruali yake ilikuwa bado inachuruzika maji kambani. Hakubisha hodi. Alipita katikati ya mashuka akiyasukuma kwa kiwiko, akaifikia suruali, akang'oa vibanio na kuishindilia ndani ya mfuko wa plastiki. Mfuko ulikuwa na tundu. Maji yakaanza kumdondokea kwenye viatu.

"Mwalimu, hiyo haijakauka," alisema dobi, mikono imo ndani ya beseni mpaka kwenye viwiko. "Na pasi bado."

"Itakaukia nyumbani."

"Kwani kuna nini? Nimeichana?"

"Hukuichana, Mama Povu." Mwalimu mkuu aliutazama ukuta, akaitazama kamba, akatazama kila kitu isipokuwa uso wa mama huyo. "Nimekuletea nguo zangu tangu ningali mwalimu wa zamu. Nguo ya mtu ni siri yake. Nilidhani unalijua hilo."

"Nalijua kuliko unavyolijua wewe."

"Basi kawaulize wanafunzi wangu. Leo nimewageuzia mgongo niandike ubaoni. Sijamaliza hata neno la kwanza, darasa zima likaanza kuimba. La jirani nalo likaitikia."

Akaondoka. Nyuma yake yalibaki matone ya maji kutoka uani mpaka barabarani, na kuku mmoja aliyafuata akidhani ni punje.

Mama Povu alibaki ameinama. Yeye hakuwa dobi wa kuandika majina ya watu kwenye kola kwa kalamu, wala wa kufunga nyuzi za rangi kama wenzake. Yeye nguo alizisema. Kila iliyoingia kwenye beseni aliitafutia kashfa yake na kuisuta mpaka itakate, na ile kashfa ndiyo iliyokuwa alama. Shati likishasutwa vizuri, hawezi kusahau mwenyewe ni nani. Kwa mtindo huo alifua nguo za mtaa mzima, na hata soksi haikuwahi kwenda kwenye mguu usio wake. Watu wanasimulia kwamba siku moja upepo ulizoa nguo zote za kambani ukazitupa ng'ambo ya reli, naye akasimama juu ya mtaro akiziita moja moja kwa aibu zake, zikarudi kwa foleni. Hapo pa foleni mimi siweki mkono wangu. Lakini jioni ile hakuna mtu aliyepungukiwa hata kifungo.

Maneno yale yalikuwa baina yake na nguo. Mtaani, ukimuuliza habari ya shati la fulani, alikujibu, "Shati lipi?" ukaona haya kwa kuuliza.

*

Aliyemletea habari kamili ni binti yake, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha barabara kuu. Alikuja kabla ya saa ya kufunga, simu kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba yai.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa siku nzima, nikae mkao gani mwingine?"

"Kaa tu, mama."

Binti akabonyeza. Kwanza gitaa lilikwaruza kama mtu anayeparuza ukoko kwenye sufuria. Ngoma ikaingia. Kisha yakasikika maji, chwa, chwa, chwa, na juu ya maji ikaja sauti ya Mama Povu mwenyewe, imekatwakatwa na kuunganishwa ili ifuate mdundo:

*Suruali ya mwalimu mkuu, we!*
*Unakalia nini mpaka unang'aa?*
*Watoto wa mbele wanajichania nywele!*
*Shati la karani, kola yako jamani,*
*Hiyo shingo, au bomba la jikoni?*

Vijana wakaitikia kwa pamoja, "We! We! We!" Kisha kila kitu kikanyamaza, gitaa, ngoma na maji, ikabaki sauti yake peke yake, ya chini, ya mtu anayemwambia mwenzake jambo:

*Na wewe shuka la chumba cha juu, nyamaza. Tutaongea baadaye.*

Gitaa likarudi kwa kishindo.

Tuseme ukweli, wimbo wenyewe ni mtamu. Hilo ndilo baya lake. Ungekuwa mbovu ungekufa siku ileile. Walioupiga ni Viatu Pekupeku, vijana wanne wanaofanyia mazoezi kwenye ghala lililopakana na ua ule. Wanapiga roki, ila si ile ya kila mtu. Wenyewe wanaiita roki mbadala, maana yake, kwa nilivyoelewa mimi, ni roki ambayo mpigaji hatakiwi kuonekana amejitahidi. Nyimbo zao za kwanza zilihusu mvua, upweke na mvua tena, na walizisikiliza mama zao tu. Safari hii walitaka kitu cha kuchekesha.

"Zima," alisema Mama Povu.

"Mama, umeshasikilizwa na watu wengi kuliko..."

"Nimesema zima hicho kidude!"

*

Kabla juma halijaisha, kamba ilikuwa inaonekana yote, mwanzo mpaka mwisho. Karani alimtuma mdogo wake akachukua mashati. Mke wa mwenye duka la dawa alituma mfuko mtupu na ujumbe kwamba amenunua mashine. Wengine walipita barabara ya nyuma, nguo zao wamezifunga kwenye khanga kama wamebeba maiti ya paka, wakizipeleka kwa dobi wa ng'ambo ya reli, ambaye hufua kwa haraka na kurudisha nusu.

Bi Mkubwa wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe. Mashuka ya nyumba yake ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa biashara ile. Alikataa kiti.

"Mwenzangu, mimi nimecheka," alisema. "Nakuambia wazi, nimecheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikafika kwenye shuka."

"Dada yangu, shuka lile lilikuwa na doa la chai. Chai ya maziwa! Doa lenyewe lilinisumbua, nikaliambia litulie nilichemshie maji. Ndiyo hayo tu."

"Nakuamini. Lakini nyumba yangu ina chumba kimoja tu cha juu. Mpangaji wake wa mwezi huu ni mmoja tu. Na mkewe ana redio."

"Nitakwenda kumwambia mkewe."

"Utamwambia chai?" Bi Mkubwa alicheka bila furaha. "Mwanamke aliyeanza kuhesabu mashuka, utampoza kwa chai? Mpangaji kahama. Wa chumba cha chini naye anauliza kama dobi wangu bado ni yuleyule." Akafunga kitambaa chake vizuri begani. "Nirudishie yaliyokauka. Mabichi nayo nipe."

Mume wa Mama Povu, fundi viti anayeitwa Mzee Gundi, alikuwa pembeni akipaka gundi kwenye mguu wa stuli. Aliupaka, akaufuta, akaupaka tena. Bi Mkubwa alipotoka, mkewe akageuka.

"Baba watoto, mguu huo una nini leo?"

"Hauna kitu."

"Basi mbona unauogesha?"

Mzee Gundi akaweka brashi chini. Jasho lilimtoka kwenye kipara. "Wale vijana walinijia. Siku ulipokwenda msibani kwa shangazi."

"Wakasemaje?"

"Wakaniomba maji."

"Maji ya kunywa?"

"Sauti ya maji. Kijana alisema wanataka kutundika kinasa sauti kwenye kidirisha chao cha huku uani, wapate sauti ya nguo zikifuliwa. Wimbo wao unahitaji maji, alisema, na ya bombani hayana moyo. Nikaona ni mapenzi na kazi yako hayo! Nikawaambia, jamani, sauti ya maji si yangu, chukueni tu. Hata ngazi niliwashikia mimi."

Mama Povu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Umeishi na mimi tangu tukiwa na beseni moja," alisema, "ukasahau kuwa palipo na maji yangu na mdomo wangu upo?"

"Sikukumbuka. Ule mdomo mimi siusikii tena, mke wangu. Ni kama saa ya ukutani."

Lilikuwa jibu la kweli, na ndiyo maana lilimuuma zaidi.

*

Wateja wachache waliobaki aliamua kuwafulia kimya. Alifunga mdomo kwa kitambaa kama mtu anayefagia dari. Akafua, akasuuza, akaanika, akapiga pasi. Kisha akakaa mbele ya marundo na akili yake ikawa nyeupe kama shuka. Hili la nani? Mistari hii ya bluu ilitoka nyumba ipi? Aliinua fulana moja dhidi ya mwanga, akainusa, akaigeuza. Haikumwambia kitu, kwa sababu na yeye hakuwa ameiambia kitu.

Alirudisha kwa kubahatisha. Muuza nyama akapata shati la fundi saa, akalivaa gizani bila kuangalia, na vifungo vikaruka dukani mbele ya wateja kimoja baada ya kingine. Kimoja, wanasema, kilimpiga paka akazirai. Fundi saa naye alilipeleka shati la muuza nyama kwa fundi cherehani akidhani yeye amekonda ghafla. Mtaa ulicheka tena. Hata hao wawili hawakurudi.

Ndipo Mama Povu alipoelewa alichoibiwa. Si sauti peke yake. Ni kama mtu aingie karakana ya mumewe, aondoke na gundi yote, kisha amwambie, "Lakini viti si nimekuachia?"

Alivaa gauni la kutokea, akavuka kwenda ghalani.

Ndani kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, na mwimbaji alikuwa amekaa juu ya spika akila karanga. Kijana mrefu, mwembamba kama mlingoti wa antena. Alishuka mbio.

"Shikamoo mama! Tulikuwa tunakuwazia! Jamani, staa wetu kaja!"

"Marahaba. Mimi si staa wa mtu. Nataka wimbo huo mwondoe sauti yangu."

Waliangaliana. Kutoka nyuma ya pazia akatokea mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Ndiye Meneja wao.

"Mama mpenzi," alisema, "ni utani tu. Watu wanakupenda. Ukiondoa sauti yako, kunabaki nini?"

"Kunabaki maji. Si ndiyo mliyoomba?"

Mpiga ngoma alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Hatukutaja jina la mtu yeyote," Meneja alisema. "Wala lako."

"Mwalimu mkuu mtaa huu yuko mmoja. Unataka nimtafutie wa pili?"

"Mama, hii ni sanaa."

"Na ile ni kazi. Wateja wamekwisha. Shuleni mwalimu wa watu anafundisha akiwa ameegemea ubao, haogopi mtihani, anaogopa kugeuka. Nyie mnakaa hapa mnakula karanga."

Mwimbaji aliinamisha kichwa. Kidogo angesema neno, lakini Meneja alimgusa bega.

"Kesho kutwa asubuhi tuko redioni," alisema. "Njoo na wewe, useme la moyoni. Watu wakusikie mwenyewe. Na leo usitoke mikono mitupu." Akafungua boksi, akatoa fulana ya manjano na kuikunjua. Kifuani iliandikwa kwa herufi kubwa: NYAMAZA, TUTAONGEA BAADAYE. "Hii ni zawadi yako. Ila mama, usiifue kwa maji ya moto. Maandishi yatatoka."

Mama Povu, aliyefua hariri za maharusi na makoti ya mahakimu, alifundishwa kufua fulana. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya spika, akatoka.

*

Redioni walimvalisha vile vidude vya masikioni juu ya kitambaa cha kichwa. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zina mazulia, feni inageuka upande wa mtangazaji peke yake. Mwimbaji alikaa upande wa pili wa meza, amevaa koti lililochanwa makusudi.

"Wapenzi wasikilizaji, leo tunaye mwenyewe! Mama wa suruali!" mtangazaji alipaza sauti kana kwamba mtaa mzima ni kiziwi. "Mama, tuambie bila kificho. Chumba cha juu, nani?"

"Nimekuja kusema kwamba wale wateja sikuwasema mimi. Nilikuwa peke yangu na nguo zao. Mtu akiongea na chungu chake jikoni, hajamtangaza mumewe."

"Safi! Lakini chumba cha juu..."

"Hilo hulipati."

Mtangazaji alicheka, akaona mlango huo umefungwa, akajaribu dirisha. "Basi tuache hayo. Huyu kijana hapa, nguo zake umewahi kuzifua?"

"Za kwao nafua tangu hajaota ndevu."

"Aaah! Wasikilizaji mmesikia? Yeye kamrusha mwenzake hewani, sasa zamu yake! Mama, tupe la huyu. Moja tu!"

Mwimbaji alikuwa akitabasamu. Tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yakaondoka. Akaketi sawasawa kama mtoto aliyesikia viatu vya baba yake mlangoni. Neno la kumsema lilikuwepo, na halikuwa dogo. Mama Povu alimtazama, naye kijana akajua kwamba anajua. Lingetosha wimbo, tena mrefu, na mtaa ungeuimba mpaka kijana ahame. Nyumbani Mzee Gundi, sikio kalibandika kwenye redio, alisema kwa sauti, "Mpe! Mpe la uso!"

Mama Povu akasogelea maikrofoni. "Ninalo."

"Eeeh!"

"Na nitakufa nalo."

"Hata huyu, mama? Baada ya alichokufanyia?"

"Hata huyu. Yeye ndiye aliyechukua. Nguo yake haijaiba." Akamgeukia kijana. "Sasa na wewe sema kitu kimoja hapa watu wasikie. Mlipomwendea mume wangu, mliomba nini?"

Kijana alikigeukia kioo cha chumba cha pili. Redioni kimya ni kama moto, na mtangazaji alianza kupunga mikono. Meneja, nyuma ya kioo, alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka miwani ya juu ikaanguka juu ya ile ya chini.

"Tuliomba maji," kijana alisema, kwa sauti ya chini.

"Sikusikia."

"Tuliomba maji, mama. Haya mengine hatukuomba."

"Na huo ndio utani wa Viatu Pekupeku!" mtangazaji alirukia. "Wapenzi wasikilizaji, basi tuusikilize tena!"

Gitaa likakwaruza. Mama Povu alikuwa bado anavua vile vya masikioni, akaisikia sauti yake ikimwimbia ndani ya kichwa chake mwenyewe. Getini mlinzi alikuwa ameshika komeo, redio ndogo imening'inia shingoni, anatikisa mabega. Ilibidi asubiri mlinzi amalize ubeti ndipo afunguliwe.

*

Kesho yake uani palijaa watu. Mzee Gundi ndiye aliyefungua mlango, akamwita mkewe mbio, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze.

"Mama watoto! Wateja!"

Mama Povu alitoka akijifunga kitenge kiunoni. Walikuwa wengi, vijana kwa watu wazima, wamesimama kwa foleni mpaka nje. Kila mmoja alikuwa na nguo mkononi. Na kila mmoja, mkono wa pili, alikuwa na simu ameielekeza kwake.

Wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, amenyoa vizuri. Akamnyooshea shati.

"Mama, shikamoo. Nakulipa kama la kufua, hata zaidi. Litukane tu."

Mama Povu alilipokea. Akaligeuza kola, akaangalia makwapa, akapitisha kidole kwenye pindo la mkono. Kwa desturi ya kazi yake alitafuta aibu ya lile shati, na shati halikuwa na aibu yoyote.

"Hili ni safi."

"Ni jipya, mama. Nimelinunua leo kwa ajili hii."

"Hujalivaa hata mara moja?"

"Hapana. Wewe sema chochote. Utani tu!"

Nyuma yake watu walicheka, simu zikainuka. Mzee Gundi alimsogelea mkewe, akamnong'oneza, "Maneno tu, mke wangu. Hukosi maneno. Yaseme, tule."

Na njaa ilikuwepo, tusidanganyane. Unga ulikuwa umefika chini ya debe. Kama angefungua mdomo, angeshiba kwa shati jipya la yule kijana na mengine yote ya foleni ile, mpaka wimbo mwingine uje umfute. Mama Povu alilikunja lile shati kwa mikunjo yake ya dukani, kila mkunjo mahali pake, akamrudishia mwenyewe.

"Nenda kalivae," alisema. "Livae kazini. Lipate jua, libebe mzigo, likufutie jasho, ulimwagie hata machozi kama utapata jambo la kukuliza. Likichoka, lilete. Hapo nitakuwa na la kuliambia. Na wewe utakuwa umeshaondoka."

"Lakini mama..."

"Hata nyie wengine. Nguo safi sina la kuiambia."

Walisubiri, wakidhani huo nao ni mwanzo wa mzaha. Aliuegemea mlango wa uani, ukawasukuma taratibu mpaka nje, akapiga komeo. Huko nje mmoja alisikika akiuliza, "Umeipata hiyo?" Mwingine akamjibu, "Hakuna kitu hapo, hata hakutukana."

Mzee Gundi alisimama katikati ya ua, mikono inamning'inia. "Umefukuza riziki."

"Vua shati hilo."

"Nini?"

"Shati lako, baba watoto. Lina gundi ya wiki nzima. Vua."

Akavua. Mama Povu alijaza maji kwenye beseni, akakaa kwenye kigoda, akalitumbukiza. Akafikicha kola, akafikicha kifua. Kisha midomo yake ikaanza kucheza. Alianza polepole, kwa sauti ya chini sana. Maji yenyewe yaliisikia kwa shida.

Mzee Gundi, kifua wazi, alitega sikio. Shati ni lake. Alitaka kujua linaambiwa nini, na uso wa mkewe ulionyesha kwamba linaambiwa mengi. Akapiga hatua moja kulielekea beseni. Akasimama. Halafu akageuka, akachukua stuli yake na kopo la gundi, akaenda kufanyia kazi upande wa pili wa nyumba, mahali ambapo hata maji hayasikiki.